Jani la Isale kutoka Tunduma

Makumira, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Fanuel,

Tarehe 28 Februari, siku ya Ijumaa, nilipoteza wapangaji wa vyumba vyote kumi na sita kwa asubuhi moja. Kampuni ya maua iliyokuwa imevipanga kwa ajili ya wafanyakazi wake haikuendeleza mkataba. Walikuja na basi lao, wakapakia magodoro na majiko, msimamizi akanikabidhi funguo ndani ya mfuko wa rambo, akasema, "Mama, tunashukuru kwa miaka minne," akapanda mbele. Shilingi laki tisa na sitini za kila mwezi zikaondoka na lile basi.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua. Barua ikianza na salamu unaisoma mpaka kwenye salamu, unaikunja, unaiweka mfukoni. Sasa ndiyo nakusalimu. Hamjambo hapo Tunduma? Rachel na watoto wanaendeleaje? Mama yuko salama Nkoaranga. Goti linamsumbua lakini fimbo haitaki, anasema fimbo ni ya wazee. Maria wangu ameanza mwaka wa pili wa uuguzi kule Moshi. Masika bado hayajashika, migomba ya juu imeanza kukunja majani.

Utauliza mbona barua, mwaka huu ambao hata Mama ana simu ya kugusa. Nimekupigia, umepokea, umesema mtandao unakatakata, ukakata wewe. Halafu afisa mikopo wa benki, dada mmoja anaitwa Hanna, ameniambia kila kitu kuanzia sasa kiwe kwenye maandishi. Kwa hiyo naipeleka ofisi ya mabasi kama kifurushi. Utasaini kuipokea.

Jambo lenyewe ni hili. Naliandika kwa mpangilio kama nitakavyoliandika benki, usije ukasema hukuelewa. Baba alinionyesha kiwanja cha hapa Makumira mbele ya wazee wa ukoo, akasema nijenge. Wapima walipokuja Baba alikuwa ameshazikwa, wakaandika watoto wa kiume tu, na hati ikatoka kwa jina lako. Uliniambia, "Dada, hati ni karatasi, kiwanja ni chako." Nikajenga. Mwaka 2021 nikakopa milioni arobaini na tano kumalizia. Wewe ulisaini kama mwenye hati, Rachel akasaini ridhaa kama mke wako, mimi ndiye ninayelipa. Rejesho ni 919,600 kwa mwezi. Kodi ya kampuni ilikuwa inalibeba na kubakiza arobaini elfu za balbu na vitasa. Miaka minne sijakosa mwezi.

Deni lililobaki ni milioni ishirini na tano na laki nane. Imebaki miaka mitatu. Nikiwaomba wanipangie upya, wanipe sita badala ya mitatu, riba ikiwa ileile, rejesho linashuka mpaka kama 574,000. Nimeshaweka wapangaji wa chumba kimojakimoja, wanafunzi na walimu. Nikifikisha vyumba saba nina 420,000, na cherehani zangu za Usa River hazikosi laki na sitini kwa mwezi, hata msimu wa sare za shule ukipita. Jumla 580,000. Inatosha kwa kubana, lakini inatosha. Sitaki huruma ya benki, nataka hesabu ambayo hata wao wakiipiga itakubali.

Ila ombi halitoki kwangu. Linatoka kwa mwenye hati. Nimeambatanisha fomu ya maombi, barua ya kueleza hali niliyoiandika kwa niaba yako, na fomu ya ridhaa ya Rachel. Sainini, mpige nakala za vitambulisho vyenu, mrudishe kwa basi. Ukifanya hivyo kabla ya mwisho wa Aprili tutakuwa tumewahi.

Dada yako,
Elinipa


Tunduma, 2 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa Elinipa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta katika ulinzi wa Bwana, kama sisi tulivyo hapa. Rachel anakusalimu sana. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa lakini amepona. Mpaka umejaa malori, foleni inatoka mpakani inapita kwetu, madereva wanaoga barabarani. Kazi ya uwakala wa forodha ni kusubiri tu, dada. Unakaa na makaratasi ya mtu mkononi, na mtu mwenyewe yuko Lubumbashi hapokei simu.

Nimesikitika kuhusu kampuni. Watu wa maua hawana shukrani. Lakini Mungu akifunga mlango anafungua mwingine.

Kuhusu zile fomu nimezipata na nitazisaini, usiwe na wasiwasi. Ila nilitaka nielewe kwanza. Hivi benki wakipanga upya mkopo, ni lazima mthamini aje kwenye kiwanja tena? Si walishathamini mwaka 2021? Nauliza tu, maana mthamini ni gharama, na najua hali yako. Labda ungeongea na huyo Hanna, watumie thamani ya zamani.

Pia nimewaza, sikwambii ufanye, nimewaza tu. Kwa nini ujichoshe? Umri unakwenda. Ungewaachia benki waviuze vyumba, deni lao likatoka, kinachobaki tukagawana, ukapumzika na cherehani zako.

Mama umemwambia? Naomba usimwambie kwanza. Presha yake.

Mdogo wako akupendaye,
Fanuel


Makumira, 14 Aprili 2025

Fanuel,

Marahaba. Nashukuru mtoto amepona. Hapa masika yameshika, barabara ya Nkoaranga imekuwa ugali. Mama ameuza madebe mawili ya kahawa aliyoificha tangu mwaka jana akisubiri bei, na bei kweli ilipanda. Sijui nani alimfundisha mwenzake biashara, mimi yeye ama yeye mimi.

Umeuliza kama ni lazima mthamini aje. Ni lazima. Hanna amesema mkopo unaobadilishwa muda unahesabiwa kama unaanza upya, kwa hiyo dhamana inaangaliwa upya: majengo, mipaka, njia ya kuingilia. Gharama ni yangu, nimeshaitenga. Hilo lisikusumbue usingizi.

Lakini limenisumbua mimi. Katika karatasi zote nilizokutumia, hukuuliza riba. Hukuuliza muda. Hukuuliza kama nitaweza. Umeuliza mthamini. Kwa nini?

Na hili la kugawana kinachobaki. Nimelisoma nikiwa nimesimama kwenye cherehani, nikakaa chini nikalisoma tena. Tugawane nini, Fanuel? Matofali ya pale nimeyafyatulisha kwa hela ya ndizi. Mikungu miwili nilianza nayo soko la Tengeru, unakumbuka kwa sababu ulikuwa unaishika kamba ya kuibebea upande wa pili. Ada yako ya chuo ilitoka kwenye mikungu hiyohiyo kabla tofali la kwanza halijalala. Nasema hivi kwa sababu umetaja kugawana. Usingetaja nisingesema.

Machi nimelipa nusu. Aprili nitalipa nusu, nimeuza cherehani ya overloki. Vyumba vitano vimepata watu. Benki hawajaja juu bado, lakini wakituma notisi ni siku sitini, halafu dalali.

Nakutumia fomu mpya, labda zile zimelowa. Sehemu za kusaini nimeweka alama ya kalamu nyekundu. Ni sahihi tatu zako na moja ya Rachel.

Elinipa


Tunduma, 11 Mei 2025

Shikamoo dada.

Sina maneno mengi. Ndani ya bahasha nimeweka kitu. Nimekitoa kwa mzee mmoja wa Kimachame ambaye amepanda huku uani kwake. Wewe ni mtu wa nyumbani, unajua maana yake, na unajua mtu akipewa hicho hakatai.

Naomba usiniulize zaidi. Fomu zitakuja.

Fanuel


Makumira, 18 Mei 2025

Fanuel,

Jani limefika. Limekunjwa mara nne na limevunjika katikati, limeacha utomvu kwenye bahasha. Nimekaa nalo mezani siku mbili kabla ya kukuandikia.

Ngoja nikuambie ninachojua kuhusu isale, jani la kuombea msamaha, maana inaonekana Tunduma imekusahaulisha. Mtu aliyechelewesha fomu hatumi isale. Aliyechelewa anasema "samahani dada, nimechelewa," yameisha. Mtu akikosea kauli anakuja na kreti ya soda. Isale inaletwa na mtu aliyemwaga damu, au aliyelala na mke wa ndugu yake, au aliyehamisha mpaka. Na anakuja nayo mkononi, yeye mwenyewe, na mzee wa ukoo mmoja nyuma yake, na kabla ya kuitoa anasema alichofanya. Ndiyo maana haikataliwi. Aliyekuja nayo ameshajivua nguo mbele ya watu. Wewe umeilipia nauli ya kifurushi.

Ni hivi: umekosea hesabu. Umeniomba msamaha kabla sijajua kosa. Ungenyamaza, ningeendelea kudhani wewe ni mvivu tu.

Uliomba nisimwambie Mama. Mimi sikumwambia. Alinikuta nalo mezani alipokuja kliniki. Akalichukua, akaligeuza.

"Nani kaleta?"

"Limekuja na basi."

"Nimeuliza nani kaleta. Sijauliza limepanda nini."

"Fanuel."

Akalinusa. Sijui alikuwa ananusa nini. "Kafanya nini?"

"Sijui, Mama. Hajasema."

"Sasa kama hujui, utamsamehe nini?" Akalirudisha mezani. "Hili halijaletwa. Imekuja karatasi na jani. Nipe chai."

Akanywa chai, nikamsindikiza kwenye gari. Mlangoni akaniambia, "Mtoto huyu nilimnyonyesha mpaka akaota meno yote." Akaondoka.

Sasa habari ya benki. Notisi imefika tarehe 12 Mei. Siku sitini zinaisha Ijumaa, tarehe 11 Julai. Hanna anasema bado kuna nafasi, kamati ya mikopo ikipata maombi kamili kabla ya siku hiyo, notisi inasimama. Mthamini anakuja wiki ijayo. Nimemlipa.

Kosa ni nini, Fanuel?

Elinipa


Makumira, 2 Juni 2025

Fanuel,

Hujajibu. Wiki mbili kamili. Basi nitakueleza mimi ulichofanya, unisahihishe nikikosea.

Mama hajambo. Maria hajambo. Mvua zimekata. Salamu zimeisha.

Mthamini alikuja Jumatano, Bwana Tajeu, mtu mtaratibu wa kofia ya pama. Tumepima vyumba, tumepima choo, tumepima kisima. Tukiwa tunarudi mbele ili apime uwanja na njia ya kuingilia, ikasimama pikapu imejaa nguzo za mti. Akashuka bwana mmoja mrefu, shuka begani, miwani ya jua. Akasalimia vizuri.

"Mama mwenye nyumba, naomba hiyo pikipiki ya mgeni wako isogee. Fundi wangu anataka kuchimba, masika yalituchelewesha."

"Achimbe nini kwenye uwanja wangu?"

"Uwanja wangu," akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemsahihisha mwenzake jina.

"Wako tangu lini?"

"Tangu Novemba. Nimenunua kuanzia ukingo wa barabara mpaka ule mbuyu wa penye bomba. Kwa Fanuel Sumari, mwenye hati. Milioni kumi na nane taslimu, mbele ya mashahidi. Yeye si ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu."

"Hakukwambia?" Akavua miwani. "Nyie wenzetu mkiishi ukoo mmoja mnapeana habari kwa posta?"

Fundi wake akacheka. Mthamini hakucheka, alikuwa anaandika.

Jina lake Lengai, mfanyabiashara wa ng'ombe, kwao Kisongo. Nimekaa naye saa nzima kwenye ngazi ya chumba namba moja na hajaniudhi kwa neno hata moja. Ameniudhi kwa jambo ambalo hakujua kwamba ni jambo. Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua habari ya ununuzi huu. Akasema, "Msimamizi wa lile basi la maua. Nilimkuta Desemba wanageuzia gari hapa, nikamwambia kaka, mfurahie mpaka Februari, ikifika Machi natia uzio. Basi lako litafute pa kugeukia."

Fanuel. Nilikuandikia Machi nikikulilia kwamba kampuni imeondoka. Nilidhani ni mambo ya biashara. Nililala nikijiuliza kama choo hakikuwa safi, kama nilimjibu vibaya yule msimamizi siku maji yalipokatika. Kampuni iliondoka kwa sababu basi lake lisingeweza tena kuingia, na lisingeweza kuingia kwa sababu uliuza mlango wangu. Nawe ukanijibu kwamba watu wa maua hawana shukrani.

Hesabu yake iko hivi. Mthamini ameandika thamani mbili. Kiwanja kikiwa na kipande cha mbele, milioni tisini na mbili. Bila hicho kipande, nyumba isiyo na njia, milioni thelathini na moja, na ameongeza kwa kalamu, "soko gumu". Hanna ameangalia akafunga faili. Amesema mauzo yale hayana nguvu mbele ya benki kwa sababu hati iko rehani na benki haikuombwa ridhaa. Lakini akasema kamati haitampangia mkopo upya mtu aliyeuza dhamana kwa siri. Itasubiri siku sitini ziishe. Kwa hiyo sheria iko upande wa benki. Mimi sipo upande wowote, sipo hata kwenye karatasi. Niko kwenye matofali tu.

Lengai yuko tayari kuzungumza. Anataka hela yake au kitu chenye thamani ya hela yake. Nina swali moja na nataka ulijibu kwa mkono wako, kwenye karatasi, kwa wino. Unayo mali nyingine yoyote, popote, ya kumfidia Lengai ili anirudishie kipande cha mbele? Ndilo swali lenyewe. Sitaki jibu la kitu kingine.

Elinipa


Tunduma, 20 Juni 2025

Dada Elinipa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa peke yangu ofisini, nimefunga mlango. Rachel hajui nimekuandikia.

Ni kweli. Niliuza. Sitakataa, na sikuuza kwa ubaya. Mwaka jana niliwekea dhamana mzigo wa mteja, vitenge, kontena zima, unapita kwenda Kongo. Mzigo ukashushwa njiani ukauzwa hapahapa nchini, forodha wakarudi kwangu. Ushuru, faini, leseni yangu ikasimamishwa. Nilipewa mwezi mmoja. Ningefungwa, dada. Ungependa Mama aniletee chakula gerezani? Nilimpata Lengai kupitia dalali mmoja, nikadhani kipande kidogo cha mbele hakitakuumiza, nikadhani nitakinunua tena kabla ya Pasaka kwa faida ya msimu, wala usingejua. Kila wiki nilisema wiki ijayo nitamwambia.

Jani nilituma kwa moyo wangu wote. Umeliandikia maneno ya dhihaka.

Na mimi niseme langu. Kila nikisoma barua yako naziona zile ndizi. Miaka kumi na nane umenisomesha na miaka kumi na nane sijamaliza kusomeshwa. Harusi yangu ulisimama ukataja ada. Msiba wa Baba ulitaja ada. Mtu anachoka kuwa deni. Na Baba alisema ujenge. Nilikuwepo. Alisema ujenge. Hakusema ni chako. Wapima hawakukosea. Ndivyo ilivyo kwetu, wewe uliolewa, na hata ndoa ilipovunjika ulirudi kama mtoto wa nyumbani, hatukukufukuza. Karatasi inasema Fanuel, na nilikuachia miaka yote hii bila kudai kodi hata shilingi.

Umeuliza kama nina mali nyingine. Sina, dada. Naapa mbele za Mungu. Sina kiwanja, sina gari, hata hii nyumba tunapanga. Ningekuwa na kitu ningekuwa nimekitoa tangu Novemba.

Ushauri wangu bado ni uleule. Au mwambie yule mthamini apeleke ile thamani ya kwanza tu, ya tisini na mbili, Lengai tutamtuliza baadaye. Ukikubali hivyo nitasaini kesho.

Mama anasemaje?

Fanuel


Makumira, 29 Juni 2025

Fanuel,

Mama anasema nisiandike neno lake humu, atakuambia mwenyewe ukija. Hajambo. Maria hajambo, na amenisaidia kupiga hizi hesabu. Nakutakia wewe na nyumba yako afya, na nasema kweli.

Pole kwa kontena. Naisema hiyo nayo kwa kweli. Ungeniambia Novemba ningeuza cherehani zote nne na ningekuja Tunduma na basi la usiku. Unajua kwamba ningekuja. Ndiyo sababu hukuniambia: ungekuwa na deni jingine kwangu, na uliona heri kuniibia kuliko kunishukuru tena. Ile ada sitaitaja tena, leo wala msibani kwangu. Umeshailipa. Umeilipa kwa kipande cha mbele, kwa hiyo hapo tumemalizana.

Mambo mawili yamebaki.

La kwanza ni Baba. Unasema alisema nijenge, hakusema ni changu. Mwanamke wa Kimeru akionyeshwa ardhi na baba yake mbele ya wazee, neno gani lingine lilikuwepo la kumpa? Mwaka ule hukuliona pengo hilo. Umeliona ulipohitaji milioni kumi na nane.

La pili. Nilikuuliza kama unayo mali nyingine nikiwa tayari najua jibu. Lengai aliniambia siku ileile, kwenye ile ngazi. Sikukuandikia kwa makusudi. Nilimuuliza alikujuaje, akasema, "Mbona tunapakana? Ana kiwanja kizuri Kisongo, karibu na uwanja wa ndege, kona kabisa, amekizungushia michongoma. Mimi nilitaka kile. Nilimbembeleza wiki mbili, nikampandishia bei mpaka milioni ishirini. Akasema kile hapana, kile ni cha kujenga, lakini nina kingine Makumira nakupa kwa kumi na nane."

Niliposikia hivyo nilimwomba maji ya kunywa, nikiwa kwangu mimi.

Nikasema labda amekosea mtu. Labda umeshakiuza. Nikasema nikimuuliza ndugu yangu kwa karatasi na wino, atasema: dada, kuna Kisongo, niliogopa. Ningekuita nyumbani siku hiyohiyo. Ukaniandikia sina, ukamweka na Mungu kuwa shahidi. Juzi nimekwenda Kisongo mwenyewe, na Lengai. Michongoma ipo. Mlinzi wako yupo, amepanda maharage yako, anakuita bosi. Matofali elfu mbili yamepangwa yamefunikwa na turubai.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ulikuwa huna la kufanya. Ulikuwa na viwanja viwili, kimoja chako kitupu na kimoja chenye jasho langu, ukasimama katikati ukachagua.

Ile habari ya kumpa mthamini thamani moja akaficha nyingine sitaifanya. Ndiyo iliyotufikisha hapa. Nimekwenda benki na kila kitu: barua yako ya tarehe 20, thamani zote mbili, notisi, mkataba wa kampuni na tarehe ya kuisha kwake, orodha ya wapangaji wangu saba na risiti zao, mapato ya cherehani ya mwaka mzima. Nimeketi na Hanna na mkuu wake, mzee mmoja mkali wa Engutoto ambaye hakunikaribisha kiti. Nilikaa bila kukaribishwa. Nimewaambia, "Sijaja kuficha. Nimekuja kuonyesha kilichoharibika na jinsi kinavyotengenezeka." Wamenisikiliza. Masharti yao ni haya, nayaandika kama walivyoyasema.

Lengai asaini kwamba anafuta ununuzi wa kipande cha mbele. Wewe usaini maombi na uje mwenyewe benki kukiri kwa maandishi. Rachel asaini ridhaa, anaweza kusainia kwa wakili hapohapo Tunduma, akiwa ameelezwa kila kitu, pamoja na Kisongo. Yakitimia, wanatupa miaka sita, rejesho 574,000, malimbikizo yanaingizwa kwenye deni na rejesho linapanda kidogo, mpaka laki sita, hapo nitaongeza chumba kimoja. Na deni likiisha, hati inahamia kwa jina langu. Hilo la mwisho ni sharti langu, si la benki. Wakili ameliweka kwenye karatasi moja na mengine.

Lengai anakubali kufuta akipewa Kisongo. Atakuongezea milioni mbili juu, ile ishirini aliyokuahidi. Ananiambia, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe, nina ng'ombe wa kulisha." Mtu baki amekuwa muungwana kwangu kuliko wewe, na sijui hilo niliweke wapi.

Usipokubali, Ijumaa ya tarehe 11 siku sitini zinaisha. Dalali atabandika karatasi kwenye mlango wa chumba namba moja. Nyumba isiyo na njia itauzwa kwa bei ya kutupa, benki itachukua yake, Lengai atakushtaki, na mimi nitakuwa shahidi wake wa kwanza. Utabaki na kona yako ya Kisongo mpaka mahakama iifikie. Nitarudi Tengeru, najua njia. Lakini wewe hutakuwa na pa kufikia huku mlimani, maana nitasimama mbele ya ukoo nisome barua hizi zote, zako na zangu, mwanzo mpaka mwisho, na sitaongeza neno.

Usiniandikie habari za foleni. Usinitumie mstari wa Biblia, wala jani, wala hela ya soda. Usiniulize Mama anasemaje. Barua nyingine itachelewa, kwa hiyo tuma ujumbe wa simu, na uwe neno moja.

Ijumaa, tarehe 11 Julai, kuanzia saa mbili asubuhi, nitakuwa kwenye benchi mbele ya dawati la Hanna. Lengai atakuwa upande wangu na kalamu. Saa sita mchana Hanna anafunga faili. Fanuel, unampa Lengai kiwanja cha Kisongo, ndiyo au hapana?

Elinipa Sumari